"Anahitaji kuitwa mara mbili": kisa cha taarifa iliyopotea likizoni

Wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa, mama mmoja aliitwa shuleni kwa ajili ya binti yake wa miaka saba. Barua ya wito ilikuwa fupi: mtoto hafuati maelekezo, anachelewa kuanza kazi, na mara mbili ameitwa jina mbele ya wenzake akakataa kuitika. Nilikuwapo kwenye kikao hicho kama mwalimu wa ushauri nasaha. Nilikaa pembeni na daftari langu nikijua nimekuja kusikiliza kesi ya utovu wa nidhamu, zile ambazo huchukua dakika ishirini na kuisha mzazi akiahidi kwamba "tutazungumza naye nyumbani".

Mama huyu hakuahidi kitu. Alimsikiliza mwalimu wa darasa la pili mpaka mwisho, kisha akauliza kwa mshangao zaidi kuliko hasira: "Kwani mwalimu, habari ya masikio si mnaijua?"

Mwalimu akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyekuwa anaijua.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila mtu ndani yake alikuwa amejiandaa kwa mwaka mpya, tena vizuri. Mama alikuwa amejiandaa. Mwalimu alikuwa amejiandaa. Shule ilikuwa imepakwa rangi. Na bado mtoto alikaa wiki tatu nyuma ya darasa akisikia nusu ya kinachosemwa na akiitwa mkaidi.

Mwaka wa kwanza

Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyegundua. Katikati ya mwaka aliona kwamba mtoto akiitwa kwa nyuma hageuki, na akiambiwa jambo huku akitazamwa usoni hulifanya mara moja. Akamwambia mama pale getini, siku mama alipokuja kumchukua mtoto. Mama akaenda hospitali. Daktari akakuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, kushoto yakiwa mengi zaidi. Akasema warudi baada ya miezi mitatu, maana mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe. Walirudi, akakuta imepungua, akawaambia waendelee kumwangalia hasa akipata mafua.

Shuleni, mwalimu yule alifanya mambo manne bila kumuuliza mtu. Alimhamishia mtoto safu ya mbele. Alikuwa akigonga dawati lake kidogo kabla ya kusema naye. Alirudia maelekezo ya kundi kwa kumwinamia. Na alipotoa imla alisimama mahali pamoja. Mtoto akamaliza mwaka na alama nzuri tu.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililoandikwa. Halikufichwa, liligeuka mazoea. Mwalimu mzuri hukariri darasa lake kama mtu anavyokariri chumba chake gizani, na hakuna anayechora ramani ya chumba anacholala.

Mwisho wa mwaka akajaza fomu ya kumpandisha mtoto darasa. Fomu ina sehemu ya "maoni ya mwalimu", mistari mitatu. Aliandika hivi: *Anahitaji kuitwa mara mbili. Hupotea akiwa katika kundi. Hufanya vizuri akisimamiwa kwa karibu.*

Isome tena ukijua habari ya masikio. Kila sentensi ni ya kweli na kila moja inasaidia. Sasa isome kama mtu asiyejua chochote, mwezi mmoja baadaye, kwenye faili lenye majina arobaini. Huyo unayemwona ni mtoto mzito, mtoro wa akili, anayetaka kusukumwa. Hivyo ndivyo mwalimu wa darasa la pili alivyomwona, na simlaumu. Hata mimi ningemwona hivyo. Nikiri pia hapa, kwa sababu nisipokiri kisa kitakuwa pungufu: fomu ile ya mistari mitatu niliitengeneza mimi, miaka kadhaa nyuma, na nilijisifu kwamba ni fupi na haiwachoshi walimu.

Likizoni mwalimu wa darasa la kwanza akahamia shule nyingine.

Maandalizi yaliyofanyika

Kwa upande wa nyumbani, mama alifanya yote tunayowahimiza wazazi wafanye. Sare zilipimwa mapema. Madaftari yaliandikwa majina. Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa alianza kurudisha nyuma saa ya kulala ya binti yake, dakika chache kila siku, mpaka akafika usingizi wa saa kumi. Hilo ni jambo la maana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mapendekezo yao ya 2016, walisema watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Mtoto aliingia darasani akiwa macho kabisa. Alikuwa macho na hasikii vizuri.

Shuleni nako tulikuwa na siku tatu za walimu kabla ya wanafunzi kurudi. Nimepitia ratiba yake. Siku ya kwanza: mgawanyo wa vipindi, ambao ulizua mabishano mpaka jioni. Siku ya pili: vitabu, rejista, mapambo ya kuta. Siku ya tatu: hotuba ya mwalimu mkuu, kisha maandalizi ya kikao cha wazazi. Katika siku zote tatu hapakuwa na saa moja ambapo mwalimu anayewaacha watoto alikaa na mwalimu anayewapokea. Waliokuwapo walionana mlangoni, wakasalimiana. "Nimekuachia darasa zuri." "Ahsante."

Kikao cha wazazi kilidumu saa moja na nusu. Wazazi walizungumza kwa dakika saba hivi, karibu zote kuhusu ada na muda wa kuwachukua watoto. Vikao vya namna hii nimevihudhuria vingi mno kujidanganya: ni matangazo ya shule yaliyopewa viti.

Kulikuwa na fursa moja ambayo ingeweza kuokoa jambo. Ni fomu ya taarifa za mwanafunzi, inayokwenda nyumbani kila mwanzo wa mwaka. Inauliza: "Je, mtoto ana ugonjwa wowote?" Mama aliandika *Hana*. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kusita. Kwanza, daktari alishasema imepungua. Pili, majimaji sikioni kwake si ugonjwa. Ugonjwa ni kitu cha kulala kitandani. Tatu, na hili alilisema akitazama chini, hakutaka binti yake aanze mwaka akiwa na alama usoni. Halafu akaongeza lile lililonikaa zaidi: "Na isitoshe, shule nilishaiambia."

Shule. Alikuwa amemwambia mwalimu mmoja, getini, kwa mdomo. Kwa mzazi, shule ni mtu mmoja mwenye kumbukumbu moja. Sisi wa ndani tunajua kwamba shule ni vichwa vingi na kabati lenye mafaili ambayo hufunguliwa mtoto akiharibikiwa.

Daftari la imla

Baada ya swali la mama niliomba madaftari ya mtoto. La hesabu halikuwa na shida. La imla ndilo lililozungumza.

Palikuwa na imla nne, maneno kumi kila moja. Alama: 4, 5, 4, 4. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu "Zingatia!" na mara ya mwisho "Unacheza." Nikazipanga kurasa nne sambamba mezani. Katika zote nne, maneno manne ya mwanzo yalikuwa sahihi. *Meza, mlango, barua, ngazi*: safi, herufi zimesimama vizuri. Kuanzia neno la tano mambo yakaharibika, na yaliharibika kwa namna ya pekee. Palipotakiwa *pasi* aliandika *kasi*. *Shuka* ikawa *suka*. *Fupi* ikawa *supi*. *Kata* ikawa *pata*. Irabu zote zilikuwa mahali pake. Waliopotea ni p, k, f, sh, konsonanti zile nyepesi zisizo na mlio, ambazo hutamkwa kwa pumzi tu.

Mtoto anayecheza hakosei kwa utaratibu. Nikamuuliza mwalimu jinsi anavyotoa imla. Akafikiri kidogo. "Naanzia ubaoni," akasema, "halafu natembea nyuma kuangalia wanaotazamiana." Anaanza kutembea lini? Akanyamaza, akalivuta daftari upande wake, akahesabu kwa kidole. "Kama baada ya neno la nne."

Sidhani nimewahi kuona uso wa mwalimu ukibadilika vile.

Inafaa kueleza kidogo kinachotokea sikioni, maana hapa ndipo walimu wengi hudanganyika. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna uwazi mdogo wenye hewa, na mrija mwembamba huunganisha uwazi huo na nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua huuziba kirahisi. Hewa ikikosa njia, majimaji hujaa na ngoma ya sikio haitikisiki sawasawa. Usikivu hushuka, mara nyingi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 30. Mtoto si kiziwi. Anasikia gari, anasikia kengele, anasikia jina lake likiitwa karibu. Anachokosa ni ncha za maneno.

Tena hali hii hupanda na kushuka. Wiki hii majimaji yamepungua, wiki ijayo mafua yamerudi. Mwalimu anamwona mtoto aliyesikia vizuri Jumatatu na kupuuza kila kitu Alhamisi, na hitimisho analolifikia ni lile la binadamu yeyote: *anasikia akitaka*. Ongeza umbali. Mahali pasipo na mwangwi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na mwalimu anapozungumza akiwa amegeukia upande mwingine, hata midomo ya kusoma haipo. Ongeza kelele. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za chinichini darasani wakati wa kufundisha zisizidi desibeli 35. Darasa la watoto arobaini wanaovuta viti halijawahi kukaribia hapo.

Kwa nini wiki tatu zilitosha

Wenzangu wachache walisema: wiki tatu ni muda mdogo, hakuna kilichoharibika. Sikubaliani nao, na sababu yangu inatoka mbali kidogo.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Rosenthal na mwalimu mkuu Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, karibu asilimia 20 ya wanafunzi, wameonyesha kwenye mtihani dalili za kuchanua kiakili mwaka ule. Kumbe majina hayo yaliokotwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipoisha, watoto hao walikuwa wamepanda zaidi ya wenzao kwenye kipimo cha akili, na tofauti ilionekana hasa kwa wadogo, darasa la kwanza na la pili. Jaribio hilo limebishaniwa sana tangu siku ile. Wengine walilirudia wakapata kitu, wengine hawakupata chochote.

Kwangu mimi, cha thamani zaidi ni kilichokuja baadaye. Mwaka 1984 Stephen Raudenbush alikusanya majaribio 18 ya aina hiyo akatafuta kwa nini matokeo yanapishana. Aliona kwamba neno la mtu mwingine humwathiri mwalimu pale anapokuwa hajamjua mtoto. Walimu waliokuwa wamekaa na watoto zaidi ya wiki mbili kabla ya kuambiwa hawakuyumbishwa na walichoambiwa. Walishaona kwa macho yao.

Sasa angalia kalenda ya shule. Ni lini tunampa mwalimu maoni ya mwenzake kuhusu tabia ya mtoto? Siku chache kabla hajamwona. Ndio wakati mbaya kuliko wote.

Wapo walimu ambao kwa sababu hiyohiyo hukataa kufungua faili. "Nataka nimjue mwenyewe," husema, na huwa na fahari kidogo wanaposema hivyo. Zamani nilikuwa upande wao. Kisa hiki kimenigawa. Wako sahihi kuhusu sentensi kama *ni mzito, ni mbishi, hupenda kusukumwa*. Hizo zingoje mwezi mmoja, au zisisomwe kabisa. Ila habari za mwili na mpangilio haziwezi kungoja hata siku moja: anasikia upande gani, anaona ubao kutoka wapi, anatumia dawa gani, nani anaruhusiwa kumchukua, nini kilimsaidia mwaka jana. Tatizo la fomu yangu ya mistari mitatu ni kwamba ilivimwaga vitu hivi viwili kwenye bakuli moja, na kilichoelea juu kikawa tabia.

Tulichofanya

Siku ileile tulimpigia simu mwalimu wa darasa la kwanza. Nikamsomea maoni yake mwenyewe. Kimya. Kisha: "Kwani hawakumkalisha mbele?" Akarudia tena, kana kwamba simu ina hitilafu. "Ina maana hakukaa mbele?" Akatutajia yale mambo manne kwa chini ya dakika mbili, na mwalimu wa darasa la pili akayaandika kwenye kiganja cha mkono kwanza, ndipo akakumbuka kuna karatasi.

Kesho yake mtoto alikaa mbele, upande wa kushoto wa chumba, ili sikio la kulia, lenye nafuu, lielekee darasa. Imla ikawa inatolewa mwalimu akiwa amesimama mahali pamoja. Wiki iliyofuata mama akampeleka kupima usikivu. Majimaji yalikuwa yamerudi, akapangiwa tena miezi mitatu ya uangalizi. Imla ya kwanza baada ya kuhama kiti alipata 8. Makosa mawili yaliyobaki yalikuwa ya kawaida kabisa, ya mtoto wa miaka saba, na nadhani hakuna siku niliyofurahia makosa kama siku hiyo.

Kilichochelewa kupona ni kingine. Kwa wiki kadhaa mtoto hakunyoosha mkono. Alikuwa anasikia swali, jibu analo, unaliona mdomoni, na mkono unabaki chini. Wenzake walikuwa wameshazoea kucheka akiitwa. Mwalimu aliamua kulishughulikia mwenyewe: aliwaambia darasa zima, bila kumtaja mtu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikosea namna ya kusoma imla, na kwamba kuanzia sasa yeyote asiyesikia amwambie "rudia". Wiki ile kila mtoto alikuwa anasema "rudia", hata waliosikia. Aliwaacha.

Fomu niliibadilisha. Sehemu ya maoni ikagawanywa: upande mmoja mahitaji ya mwili na kiti, unaosomwa kabla ya siku ya kwanza, upande wa pili maoni ya tabia, kwenye bahasha inayofunguliwa mwezi wa pili na kwa hiari. Kwenye fomu ya wazazi nikalishusha swali la ugonjwa likawa la pili, na la kwanza likawa: "Mwaka jana mwalimu alimfanyia nini mtoto wako ambacho ungependa kiendelee?"

Nilidhani nimemaliza. Mwaka uliofuata fomu nyingi zilirudi zimeandikwa *hakuna*, au zikiwa tupu. Wazazi hawakuona sababu ya kuandika, na baadhi hawako huru na kalamu. Ndipo tukaacha kutegemea karatasi. Siku za mwanzo kila mwalimu alisimama getini jioni akauliza swali lile kwa mdomo, wazazi watano au sita kwa siku, na akaandika jibu yeye mwenyewe. Kwa darasa la watoto arobaini ilichukua karibu wiki mbili. Majibu yalikuwa ya ajabu na ya manufaa: huyu haoni ubao alasiri kwa sababu ya mwanga wa dirisha, huyu ana hofu ya choo kile cha mwisho, huyu bibi yake ndiye anayemsaidia kazi za nyumbani na bibi hasomi.

Makabidhiano kati ya walimu yalikuwa magumu zaidi. Dakika tano kwa mtoto, watoto arobaini, ni saa tatu na dakika ishirini, na siku tatu za maandalizi zilikuwa zimejaa. Mwalimu mkuu alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nilimletea zile kurasa nne za imla, nikaziweka mezani kwake bila maneno. Alikata hotuba yake.

Mwisho wa mwaka mwalimu wa darasa la pili alimwandikia mwenzake wa darasa la tatu kuhusu binti huyu. Nimeruhusiwa kuinukuu karatasi hiyo: *Sikio la kushoto ni dhaifu. Mkalishe mbele, upande wa kushoto wa chumba. Mtazame kabla ya kusema. Ukitoa imla, usitembee. Mengine utayaona mwenyewe.* Chini yake, kwa mwandiko mwingine, wino wa bluu, mama alikuwa ameongeza mstari wake: *Akiwa na mafua, anza upya.*